Kitasa Kilichomwinamia Wakili

Kwa miaka kumi na minane Meneja aliuza milango. Aliiuza kwa mdomo, maana kwa mikono hakuwahi kuifanyia lolote ila kuipapasa mbele ya mteja, kama mtu anayempapasa ng'ombe wa jirani. "Mbao hii imekomaa," angesema. "Mlango huu utatuzika wote." Duka lilipofungwa, cheo kilibaki mtaani kama jina la utani, na mwenyewe akabaki nyumbani akimfundisha mkewe namna ya kupanga sahani. Mwezi wa saba wa mafunzo hayo mkewe alimwendea dada yake mkubwa, fundi seremala mwenye karakana yake.

"Dada, nichukulie huyu mtu. Hata ashike ubao tu, mradi ashike kitu."

Dada akamchukua. Kazi iliyokuwepo ilikuwa kwa mawakili waliohamia ghorofa ya tatu ya jengo jipya. Milango kumi na miwili ilikuwa imeshasimamishwa, bado vitasa tu, vile vya duara vya kushika kama chungwa. Kila mlango ulitaka tundu moja pana, kutoka uso huu hadi uso wa pili.

"Umewahi kutoboa, shemeji?" fundi alimwuliza.

"Mimi na milango tumezeeka pamoja."

"Sijakuuliza umri."

Akamwonyesha keekee ya umeme, akamwonyesha alama za penseli pande zote mbili za mlango, kisha akashuka chini kufuata skrubu. "Usiguse kitu mpaka nirudi," alisema. Meneja aliona kwamba maneno hayo huambiwa watoto. Akauchagua mlango mkubwa kuliko yote, wa wakili mkuu, akasimama mbele yake kama anayepigwa picha, akabonyeza. Keekee ikanguruma, unga wa mbao ukamwingia puani, mkono wa nyuma ukalegea ukashuka. Chuma kilitokea upande wa ndani kidole kizima juu ya alama, kikiwa kimeng'oa kibanzi cha mbao kama jino. Akakisukumiza kitasa kwa kiganja, kisha kwa bega, kikakubali kwa shingo upande. Nje kilitazama sakafu. Ndani kilitazama dari.

Fundi aliporudi alikitazama kitasa nje, akazunguka akakitazama ndani.

"Mlango huu umepinda, shemeji," Meneja aliwahi kusema.

Mwanamke yule akatoa guni, kile kipimo chake cha pembe mraba, akakiegemeza kwenye mbao. Hapakupita hata mwanga. "Mlango umenyooka. Tafuta kingine kilichopinda humu ndani."

Kabla hajakitafuta, wakili mkuu akaingia. Alikuwa mtu aliyeipenda sauti yake mno, hata akajizoeza kujiuliza maswali apate raha ya kujijibu. Akakitazama kitasa.

"Hiki kimeinama? Naam, kimeinama. Kwa nini?"

Fundi akafungua mdomo aombe radhi, lakini ulimi wa miaka kumi na minane ulikuwa umeshatoka mbio.

"Kwa makusudi, mheshimiwa. Mteja akifika mlangoni, kitasa kinampa heshima. Ndiyo mtindo wa ofisi kubwa siku hizi."

"Na huku ndani mbona kimeinua pua?"

"Ndani si uko wewe? Kinainua uso kukutazama."

Kilemba cha ukoka kilimkaa wakili kichwani kana kwamba kilipimwa. Akakizungusha kitasa, kikagoma. Akakizungusha tena kwa mikono miwili, kikalia, kikafunguka. "Kizito," alisema kwa kuridhika, kama anayesifu dhahabu. "Vyote viwe hivi. Na vilingane!"

Alipoondoka, fundi akakaa juu ya sanduku la zana. Meneja alitegemea pongezi.

"Haya," fundi alisema. "Vilingane. Chukua kipande kile cha mbao unitobolee matundu matano yaliyopinda sawasawa na hilo lako."

Akatoboa. La kwanza lilisujudu. La pili lilitazama kushoto, la tatu kulia, la nne lilielekea juu kama linaomba mvua. La tano, kwa kisirani tu, lilikaribia kunyooka.

"Kupinda kwa bahati kila mtu anakuweza," fundi alisema. "Kupinda kwa kulingana ni ufundi, na asiyejua kunyoosha hawezi kupinda. Twende karakana."

Siku nne alitoboa vipande vya mbao. Viwiko vibane mbavuni, aliambiwa. Usiisukume keekee, acha chuma kitafune chenyewe. Guni isimame kando ya keekee, uone kama vinakwenda sambamba. Ncha ikichungulia tu upande wa pili, simama, zunguka, umalizie kutoka huko, mbao isipasuke. Na siku zote awepo mtu wa kutazama kutoka ubavuni.

"Kwa nini ubavuni? Mbele naona vizuri mimi."

"Anayetoboa haoni kupinda kwake," alijibiwa. "Unashuka mkono. Tena. Unashuka."

Siku ya kwanza alijibu kila neno. Siku ya pili alijibu nusu. Siku ya tatu mabega yalimwuma hata hoja zikamwishia, na hapo ndipo, kwa mara ya kwanza tangu abaleghe, akasikia jambo mtu mwingine alilokuwa anasema. Siku ya nne, kabla ya saa sita, tundu la huku na la huko yalikutana ndani ya mbao bila kupishana hata unywele. Alipitisha kidole tunduni, hakikukwama popote. Akageuka aseme neno la kufaa.

"Hilo ni tundu," shemeji yake alisema, akaenda kunywa maji.

Ubaya ni kwamba sasa ule mlango wa wakili ulimwasha kama mba. Walipofika ofisini asubuhi iliyofuata, yeye mwenyewe, bila kutumwa, akabisha hodi kwa mkuu.

"Mheshimiwa, lile tundu lilikuwa kosa langu. Mkono ulishuka. Tutaliziba, tukufungie mlango upya."

Wakili alimtazama kwa huruma. "Wewe ni fundi mdogo, hujui. Nimeshawaeleza wenzangu wa mtaa wa pili, nao wanataka. Fanya kama ulivyoniambia."

"Lakini nilikudanganya."

"Na sasa je, unanidanganya? Nitajuaje? Siwezi kujua. Basi nachukua maelezo ya kwanza." Akavuta faili. "Ule wa stoo ya ndoo fanyeni mpendavyo, huko hawapiti wateja."

Basi fundi akachonga kabari ya mbao, wakailaza chini ya guni, na Meneja akatoboa milango kumi iliyobaki, yote imepinda sawasawa, huku moyo ukimchoma kila ncha ilipoingia. Mawakili wakaja kutazama. Mmoja alishindana na kitasa chake mpaka miwani ikateleza, akasema kweli kina hadhi. Wa pili akasema hadhi hasa. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusema kwamba ni kigumu.

Stoo ndiyo ilikuwa ya mwisho. Hakuna aliyemwangalia ila shemeji yake, kutoka ubavuni. Akabana viwiko. Akaweka kabari pembeni, akatoboa huku, akazunguka, akamalizia huko. Kitasa kikaingia kwa kidole kimoja. Akakizungusha, kikarudi chenyewe. Akafungua, akafunga. Akafungua tena, akafunga, akiinamisha sikio kama daktari kifuani mwa mgonjwa.

Mama wa usafi alikuwa amesimama nyuma yake muda mrefu na ndoo mkononi.

"Baba," alisema, "kama umemaliza kucheza na mlango wangu, nipishe. Nina maji ya kumwaga."