Plastiki Inayomngoja Mheshimiwa

Kilichomshtua Munira kilikuwa harufu, harufu ya rangi inayoungua. Rasi ya Ubwari ilikuwa imebaki nyuma, mji wa Baraka bado ni mstari mwembamba mbele, ng'ambo ya ziwa, na magunia ya ndagala, dagaa wa ziwani, wakavu, yameijaza boti mpaka nyuma kabisa, yakiifunika injini.

"Papa Iddy, punguza mwendo."

Iddy, dereva wa boti, hakugeuza hata shingo. "Soko haingojake muntu, enjeniere."

Alimwita hivyo tangu siku Munira aliporudi kutoka mjini Bukavu na diploma yake ya ufundi wa mitambo, na kila alipomwita hivyo abiria walicheka. Walicheka na leo. Munira hakuwa na nafasi ya kucheka. Boti hii ilikuwa mali ya wanawake ishirini na sita wauza samaki, mama yake akiwa mmoja wao. Kabla ya kuipata walisafiri kwa huruma ya wenye maboti: leo wanapakiwa, kesho magunia yao yanatupwa ufukweni yanyeshewe mvua, kwa sababu mzigo wa mtu mkubwa umefika. Injini hii ikifa, wote wanarudi kulekule.

Akapita juu ya magoti ya watu hadi kwenye dashibodi. Mita tano za mviringo zilipangwa mbele ya usukani: ya mafuta, ya betri, ya mzunguko wa injini, ya oili, na ya joto. Zote zilikuwa bado zimefunikwa kwa plastiki ya dukani. Jua la miezi minane lilikuwa limeichoma plastiki ile mpaka ikawa nyeupe, nzito, kama jicho la mzee lisiloona tena. Munira aliisugua kwa kidole gumba. Hakuona mshale wowote.

"Na king'ora? Injini ikipata moto king'ora kinapaswa kulia."

"Ile? Ilikuwa inalia kila asubui nikizungusha ufunguo wa kontakti. Ilinichokesha, nikakata waya."

Munira alimgeukia. "Inalia kidogo asubui juu ya kukwambia iko muzima! Papa Iddy, ulikata mudomo wa moteur!"

"Mi nasikilizaka moteur na masikio," Iddy alisema, akiinua mkono mmoja kutoka kwenye usukani kama mtu anayehubiri. "Mbele ya we kuzaliwa, mi nilikuwa kwa hii ziwa. Kaa chini, mutoto."

Alikuwa anadanganya masikio yake mwenyewe, kwa maana sauti ya injini ilikwishabadilika. Ilikuwa imekuwa nzito, ya kukwaruza. Munira akaingiza kucha chini ya pembe ya plastiki.

"Usiguse!"

Sauti hiyo haikuwa ya Iddy. Ilikuwa ya Mama Émilienne, mwenyekiti wa chama cha wauza samaki hao, aliyeketi mbele na mwavuli wake magotini. "Munira, mwanangu, unajua vizuri. Ile plastiki atakuja kuitoa muheshimiwa mbunge yeye mwenyewe, siku ya inauguration, akifungua boti mbele ya watu wote. Alituahidi. Tutamuonyesha nini kama imepasuka?"

"Miezi minane, mama!" Munira alipaza sauti. "Mulifua manguo ya sherehe mara ngapi? Batoto balijifunza wimbo, bakausahau. Alikuja? Alituma hata neno? Moteur yetu inaungua, na tuko tunailindia muntu asiyejua hata jina ya kijiji yetu!"

Hakungoja jibu. Akavuta. Plastiki ikachanika kwa sauti kama ya kitambaa, na mita zote tano zikatazama watu kwa mara ya kwanza. Mshale wa joto ulikuwa umelala mwisho kabisa, ndani ya rangi nyekundu.

Munira akazima injini.

Kimya kikaingia, kisha kelele. Upepo ulianza kuisukuma boti ubavu, mwanamke mmoja akalia kwamba watazama, Iddy akanyoosha mkono kuchukua ufunguo. Munira aliushika ndani ya ngumi yake.

"Toeni magunia ya nyuma! Papa Iddy, inua moteur. Angalia pale inakunywaka maji."

Iddy alimtazama, akautazama mshale, akatazama tena. Kisha akaenda. Wanawake walipitishana magunia mbele, mikono kwa mikono, mpaka injini ikaonekana. Iddy aliiinua, akainama, akapapasa, akatoka na mfuko mweusi wa plastiki, ule wa sokoni, uliokuwa umeziba kabisa matundu ya kunyonyea maji. Aliuinua mbele yake, wote wauone. Tundu la pembeni, ambalo injini hukojolea maji ya kuipoza, lilikuwa limekauka. Kwa muda gani, hakuna aliyejua, magunia yalilificha.

Walingoja ipoe, wakipepesuka juu ya mawimbi. Munira alimkasirikia Iddy, akamkasirikia mheshimiwa, na zaidi akajikasirikia mwenyewe, kwa sababu alikuwa ameipanda boti hii mara kumi na moja, akaiona ile plastiki kila mara, na kila mara akaona haya kusema mbele ya wakubwa.

Alipogeuza ufunguo, injini ilikohoa mara mbili, ikakataa. Mama Émilienne alifumba macho. Mara ya tatu ikashika. Maji yakaruka kutoka tundu la pembeni, na mshale ukaanza kushuka taratibu.

"Inakojoa!" wanawake walipiga vigelegele. Munira hakupiga.

"Papa Iddy. Utasoma kwa sauti, mupaka Baraka. Joto?"

Iddy aliinamia mita. "Iko katikati."

"Oili?"

"Oili... inaonyesha nini hii, enjeniere?"

Hakukuwa na mzaha katika swali hilo. Munira akasogea, akamwonyesha kwa kidole. Mama Émilienne alikuwa ameokota plastiki iliyochanika, anaikunja kwa uangalifu, pembe kwa pembe. Munira alidhani anaihifadhi, hasira ikamrudia upya.

"Ya nini hiyo, mama?"

"Nitamtumia muheshimiwa," alisema Mama Émilienne. "Nimwambie tulishafungua sisi wenyewe."