Mgongo wa Mkono

Baba alitoa sufuria ya chai motoni kwa mkono wa kulia, bila kitambaa, akajaza vikombe viwili huku akinisimulia habari za safari. Hakushtuka hata kidogo. Alipoiweka chini niliona vidole vyake vimekuwa vyekundu.

"Baba, mkono!"

"Huu ni mkono wa reli, Adero," akacheka, akautia mfukoni.

Hiyo ilikuwa Noonkopir, mwaka 2003, asubuhi ya siku aliyoingojea tangu astaafu. Wapenzi wa injini za zamani walikuwa wamefufua injini moja ya stimu, yaani ya mvuke, na kukodi mabehewa ya kwenda Magadi. Madereva vijana walijua dizeli tu, na Baba alikuwa dereva wa stimu. Mimi ndiye niliyezunguka ofisi kumwombea Baba nafasi. Nilikuwa nimemaliza chuo, na niliamini kwamba mtu hapaswi kuzeeka akiitazama kazi aliyoipenda ikiota nyasi.

Sasa nilianza kujuta. Kila kituo kikubwa, dereva wa stimu hushuka na kugusa beringi za magurudumu, moja baada ya nyingine. Beringi iliyochemka ikiachwa huyeyuka, na ekseli inaweza kukatika. Kupita Kajiado reli huteremka Bonde la Ufa, kona juu ya kona. Kwenye mabehewa kungekuwa na familia nzima nzima, na mkono wa kupima joto haukusikia joto.

Kituoni Athi River, tulikopandia treni, nilimwona mkaguzi wa safari, Githongo, amesimama karibu na behewa letu. Nilifungua mdomo. Wakati huohuo Baba akapiga honi, akachungulia dirishani akiwa ameng'aa uso kama bwana harusi. Nikapanda behewa na siri yangu. Hadi Kajiado nilisikiliza kila mlio wa chuma chini ya sakafu.

Tuliposimama Kajiado kuongeza maji, niliruka chini kabla ya wote.

"Umekuja kukagua wazee?" akauliza Wanjala, mwenye kuwasha moto wa injini, akiwa ameshika mpira wa maji.

"Nataka Baba anionyeshe magurudumu."

"Huyo huyasalimia kama wakwe! Mngojee tu."

Baba alifurahi. "Hii tunaita mbili-nane-nne," akasema. "Haya mawili madogo ya mbele yanatafuta kona. Manane makubwa yanavuta. Manne ya nyuma yanabeba jiko la moto." Kila alipotaja alikuwa akigusa katikati ya gurudumu kwa mkono wa kulia na kusonga mbele. Nami nilimfuata, nikigusa palepale alipogusa. Vuguvugu. Vuguvugu. Tulizunguka mbele, tukarudi upande wa pili.

Gurudumu dogo la mwisho aliligusa, akapita. Mimi nikaweka kiganja, nikapiga kelele.

"Hapo ni karibu na jiko, lazima kuwe na joto," akasema Wanjala.

"Si hivi. Grisi inanuka, inaungua."

Baba alirudi. Akaweka mkono wa kulia tena, akaushikilia hapo. Kisha akajaribu wa kushoto, akauondoa haraka. Tulitazamana.

"Ulijua?" akaniuliza.

"Tangu ile sufuria."

Githongo alikuwa anakuja, akiangalia saa. Baba angeweza kusema tu kwamba amepata beringi moto. Niliomba kimoyomoyo aseme hivyo, halafu nikaomba asiseme.

"Beringi ya nyuma imechemka, bwana," akasema. "Na ujue mkono wangu umekufa. Haukusikia. Ni huyu msichana wangu amesikia. Ita dizeli."

Githongo alimtazama, akaenda kupiga simu.

Dizeli ilifika alasiri, ikachukua mabehewa na wageni walionung'unika. Injini ilibaki kando ya kituo ikipoa, nasi tukabaki nayo, Baba akiwa ameketi kwenye ngazi yake. Nilidhani atalia. Badala yake akanyoosha mkono, akaugeuza wangu, akatazama malengelenge kwenye kiganja.

"Nani alikuambia utumie kiganja? Tumia mgongo wa mkono. Ukiungua mgongo, bado utashika kazi."

"Baba, hawatakupa injini tena."

"Mimi, hapana." Akasimama polepole. "Njoo mbele. Tunaanza na yale mawili."

Nikageuza mkono.