Kimya cha Upande wa Pili

Siku ile mjinga nilikuwa mimi. Nasema mapema kwa sababu pale Makoroboi ninapofanyia kazi kila mtu ana namna yake ya kuisimulia habari hii, na katika namna zote mjinga ni mimi, ila wengine wananiongezea na ulevi. Ulevi nakataa. Nilikuwa nimekunywa soda.

Naitwa Luhaga. Nimeuza samaki aina ya sangara, vikaja viwanda vya minofu vikanunua sangara wote kabla hawajafika mezani kwangu. Nimeuza mitumba, akaja mwenye marobota ishirini akafungua mbele yangu. Tangu tuambiwe biashara ni huria, mimi nimekuwa huru kufilisika mara mbili. Ya tatu ilikuwa inanikodolea macho nilipopata kibanda cha kurekodi kanda: deki mbili, spika moja, na feni isiyogeuza shingo. Hapo ndipo Specioza aliponikuta.

Specioza ni Mhaya wa Bukoba, mwalimu wa sekondari. Jumapili aliimba kwaya. Siku nyingine aliimba soul, ule muziki wa Wamarekani weusi unaoanzia kanisani na kumalizikia chumbani, ila yeye aliuimba kwa Kiswahili, na taratibu, kama mtu anayekunjua barua. Alirekodi kwa padri mmoja mwenye vyombo. Kuzalisha kanda na kuzisambaza ikawa kazi yangu. Albamu yake ya kwanza, *Nisubiri*, ilipigwa saluni zote za mjini, na kwenye harusi za watu ambao ndoa zao hazikudumu kuliko kanda. Ndiyo iliyonilisha mwaka mzima, na nilishaanza kuota ya pili, ya tatu, mpaka ya kumi.

Ila ya kwanza ilikuwa na lake. Nilimzungusha Specioza Sengerema, Magu, Geita, kila penye ukumbi na umeme. Tukiwa Geita mama yake akafariki Bukoba. Simu ilipigwa shuleni kwake, yeye hayupo. Alipofika nyumbani kaburi lilishaota majani. Ile safari niliipanga mimi. Hakuwahi kunisema hata neno moja, na mtu asiyekusema anachosha kuliko anayekutukana.

Mwaka uliofuata akaja kibandani na kanda ya pili, *Sikuagwa*. Akaniwekea mkononi.

"Sikiliza vizuri, Luhaga. Wimbo wa mwisho upande wa pili hauna kinanda, hauna besi. Namwita mama mara tatu, basi. Baada ya hapo iache kanda izunguke mpaka ikatike yenyewe."

"Si imebaki kama dakika sita?"

"Sita."

"Za nini?"

"Za kimya."

"Mwalimu, watu watadhani kanda mbovu. Wataipigapiga gotini."

"Waipige. Mtu anaitwa, haitiki. Huo ndio wimbo wenyewe." Akaniangalia kama mwanafunzi wa mstari wa nyuma. "Ukiniharibia hii, ngosha, usiniite tena."

Ngosha ndivyo wanavyotuita sisi Wasukuma, wakitupenda na wakituchoka. Nilidhani siku ile ananipenda.

Sasa kanda tupu zilikuwa shida. Lakini kulikuwa na chama kimoja cha ushirika kilichokuwa kimekufa, maana wanunuzi binafsi wa pamba walishaingia kila kijiji, na vitu vyake vilipigwa mnada: viti, mizani, na boksi mbili za kanda. Mia mbili, zote zina mafunzo yale yale ya bwana shamba, zilizotengenezwa zigawiwe vijijini wakati vijiji bado vinagawiwa kitu. Nikazichukua kwa bei ya viberiti. Vile vidirisha vya juu vinavyozuia kurekodi nikaviziba kwa karatasi ya gundi, kama afanyavyo kila fundi pale Makoroboi, nikaanza kazi.

Na mgao nao. Umeme ulikuja alfajiri, ukaondoka kama mgeni asiyependa chai. Nikapiga hesabu: dakika sita mara kanda mia mbili, masaa ishirini ya kurekodi hewa. Nikajiambia, Luhaga, una akili timamu? Kimya si kimya tu? Kikirekodiwa kinakuwa kimya zaidi? Nikawa nabonyeza deki isimame pale pale sauti ya Specioza inapoisha.

Nilijua kabisa zile kanda zina maneno ndani. Nilichosahau ni kwamba kanda haijifuti yenyewe kwa heshima ya msanii.

Tuliamua kuizindua Jumamosi alasiri, Kirumba, kwenye baa moja yenye bustani inayoshuka hadi kwenye mawe ya ziwani. Uzinduzi wetu ulikuwa kusikiliza tu. Kanda kwenye redio kubwa, watu kwenye viti, mwenyewe akiwepo. Walikuja kama arobaini. Wawili ndio niliowataka hasa. Wa kwanza Deodatus, kijana wa redio mpya ya binafsi, ambaye akikubali wimbo Jumamosi, Jumatatu Kanda ya Ziwa yote inauimba. Wa pili Mzee Nkwabi, mkulima wa pamba wa Magu, anayechukua kanda zangu kwenda nazo minadani. Kanda ilikuwa tayari sokoni kwake tangu Jumatano.

"Shikamoo mzee. Huko Magu imepokelewaje?"

"Marahaba. Imepokelewa," akasema. "Hasa ule mwisho."

"Ule mwisho!" Nikamgeukia Specioza, aliyekaa nyuma na gauni jeusi. "Umesikia, mwalimu? Ule mwisho!"

Akatabasamu, mara ya kwanza tangu Geita. Bado naliona lile tabasamu, na bado linaniudhi.

Upande wa kwanza ukapigwa. Jamani, kuzindua soul mbele ya watu waliozoea dansi ni adhabu. Wimbo wa kwanza haujafika katikati, mmoja akaulizia ile sehemu ya kasi ya kuchezea: "Chemko linaanza saa ngapi?" Nikamwambia huu hauna chemko. "Hauna kabisa?" Hauna. "Sasa tunanyanyuka lini?" Hamnyanyuki, mnasikiliza. Mama mmoja wa saluni akasema ya kwanza ilikuwa tamu, hii imetulia mno, mtu akiisukia nywele mteja atalala. Mwingine akasema labda kanda inazunguka polepole, betri. Nikamwonyesha waya. Akasema basi umeme mdogo. Nikamwambia kaka, wimbo ndivyo ulivyo, wimbo una huzuni. Akasema, "Huzuni ninayo nyumbani, ngosha. Hapa nimekuja Jumamosi."

Deodatus alikuwa anaandika.

Nikageuza kanda. Upande wa pili, sijui nieleze vipi. Wimbo wa tatu ulipoanza yule wa betri aliweka chupa chini. Wa nne, mama wa saluni akavua viatu. Ulipofika ule wa mwisho, sauti tupu, mwanamke mmoja na pumzi zake, hata mhudumu alisimama na trei kichwani asiende popote. Specioza kwenye kanda akamwita mama yake kwa Kihaya, mara ya kwanza kama mtu aliye mlangoni. Mara ya pili kama aliye ndani ya nyumba. Mara ya tatu kwa sauti ndogo, ya mtoto aliyeamka usingizini. Halafu kimya.

Nilimwona Deodatus anafuta jicho. Nikamwona Specioza amefumba macho yake, anazihesabu zile dakika zake sita.

Ukasikika mlio mdogo, tki.

"Naam!" ikasema sauti ya mwanamume, nzito, yenye furaha kubwa. "Ndugu mkulima, sasa tuje kwenye masalia. Pamba ukishavuna, ng'oa mabua yote uyachome. Yote! Usimwachie funza nyumba ya kulala!"

Kwanza hakuna aliyecheka. Hiyo ndiyo iliyoniumiza. Walidhani ndivyo ulivyotungwa. Kisha yule wa betri akapasuka, na baa nzima ikamfuata, na mimi nikaruka kwenda kuizima, nikanaswa na mkono wa Mzee Nkwabi.

"Iache!" akasema. Yeye hakucheka. "Huyo ni Bwana Shimba. Alikuwa anakuja kwetu na pikipiki. Tangu wampunguze kazi hakuna anayetuambia kitu. Dawa tunauziwa na mtu asiyejua pamba. Mwache amalize."

"Mzee, hii ni albamu."

"Ndiyo nakwambia, imepokelewa! Magu wanasikiliza kanda yote wakimsubiri."

Bwana Shimba akamaliza kuhusu masalia, akaanza palizi, kanda ikakatika katikati ya jembe. Watu wakapiga makofi, wakataka irudishwe. Deodatus akanifuata huku bado anajifuta jicho, safari hii kwa kicheko.

"Kaka Luhaga, Jumatatu napiga huo wimbo. Ila na mzee ndani yake! Usimkate hata neno. Watu watavunjika mbavu."

"Na bila mzee?"

Akainua mabega. "Bila mzee ni mzuri. Lakini mrefu, na kimya hewani bosi wangu hakitaki, watu wanahama."

Nilipogeuka, kiti cha Specioza kilikuwa kitupu. Kanda mama, ile aliyoniwekea mkononi mwenyewe na niliyoileta ili nijidai nayo, haikuwa tena kando ya redio.

Nilimkuta kwenye mawe, viatu mkononi, kanda kwenye mkoba. Hapo ningeomba msamaha, ningekuwa mjinga wa kawaida tu. Badala yake nikaanza kueleza.

"Mwalimu, mgao ndio..."

"Nilikwambia uiache izunguke."

"Ulisema. Lakini hebu tusikilizane. Ya kwanza watu walikuwa wanarudisha wimbo mmoja tu, mingine hawaijui. Hii wanasikiliza yote, mwanzo mpaka mwisho. Magu nzima!"

"Wanamsubiri bwana shamba."

"Wanamsubiri, wakimsubiri wanakusikia wewe! Na Deodatus anaipiga Jumatatu. Redio, Specioza! Na wewe nshomile mzima unanunia redio?"

Hakucheka. Siku zote nikimtania kwa usomi wa Wahaya hunirudishia mawili. Hiyo tu ingetosha kumfunga mdomo mtu mwenye akili.

"Nilimwita mama yangu, Luhaga," akasema. "Mara tatu."

"Najua."

"Hujui. Mwaka mzima sikuweza kumwita hata mara moja. Padri alizima vyombo vyote, tukarudia siku mbili, ili baada ya pale pasiwepo mtu. Wewe ukaweka mtu."

"Sikumweka, alikuwemo."

Yaani nilisema hivyo. Kwa mdomo huu huu.

Akavaa viatu, kimoja, kingine, taratibu kama anavyoimba. Nikaona anaondoka, na albamu zangu zote hadi ya kumi zinaondoka naye, nikamfuata juu ya mawe nikiteleza.

"Basi nitazikusanya! Nitakwenda Magu mwenyewe, nyumba kwa nyumba, nizifute zote, dakika sita sita, hata kwa jenereta. Sawa? Halafu ya tatu tunafanya unavyotaka. Kimya upande mzima! Specioza! We Specioza! Mwalimu!"

Ilikuwa mara ya tatu ndipo alipogeuka.

"Ya tatu kaimbe na bwana shamba," akasema. "Yeye akiitwa anaitika."