Mstari Mwekundu Kwenye Kioo

Maji yalikuwa yameshuka tena. Mshonaji alipiga magoti mbele ya tangi la samaki, akautazama mstari aliouchora jana yake kwa rangi ya kucha. Akauvua utepe wa kupimia shingoni, akapima, akarudia kupima kama anayemshonea bwana harusi mbishi. Hakukuwa na kosa. Kwake yeye, kitu kikipungua ujue kuna aliyeshika mkasi. Kuna mtu alikuwa anayachota maji yale.

Na katika nyumba ya watu wawili, mtu huyo hakuhitaji kutafutwa kwa tochi.

Mumewe, dereva wa malori, ndiye aliyelileta tangi pamoja na samaki watatu wa baharini, akaliweka sebuleni palepale pa kiti cha mama yake. "Maji yakipungua, ongeza," alisema, akawasha lori, akaenda zake. Mama mkwe hakulalamika. Alikiburuta kiti chake hadi pembeni, akawa anashinda hapo akiwatazama samaki. Ukimya ule ulimtia mshonaji wasiwasi kuliko matusi.

Kila asubuhi alikwangua ukijani kwenye kioo, akanyonya uchafu wa chini kwa mpira wa maji, akakoroga chumvi ya samaki kwenye ndoo na kuziba pengo. Juhudi zote hizo, na bado yule samaki wa buluu alikufa. Wa njano sasa alilala ubavu nyuma ya jiwe, akihema. Tena ukingoni mwa kioo kulikuwa kunatokea unga mweupe ambao mshonaji hakuuweka. Aliufuta leo, kesho akaukuta.

Alimfuata mama mkwe jikoni.

"Mama, umeingia sebuleni leo?"

"Nimeingia. Si ndiko kiliko kiti changu?"

"Na maji ya samaki hujayagusa?"

Mama mkwe aliacha kuchambua mchele. "Niyaguse niyafanyie nini, mwanangu? Maji ya chumvi yale, hata chai hayapikiki."

Jibu lilikuwa jepesi mno. Amejuaje hayapikiki chai, kama hajajaribu? Mshonaji alikuwa ameshapanga maneno ya kumwambia mumewe: mama ahamie kwa wifi kabla hajawamaliza samaki wote. Alichokosa ni ushahidi tu.

Jioni ile alijazia maji hadi kwenye mstari, akafunga sebule kwa ufunguo, ufunguo akautia kifuani. Mama mkwe alitoka kuoga, akashika kitasa, akakizungusha.

"Mlango umeharibika?"

"Nimeufunga, mama. Samaki wapate utulivu."

"Ahaa." Akakiachia kitasa polepole. "Mlango huu aliupachika marehemu baba mkwe wako kwa mikono yake. Nilishasahau kama una ufunguo."

Akaenda chumbani kwake. 

Asubuhi alifungua mwenyewe. Madirisha yalikuwa yamefungwa, kiti kitupu. Maji yalikuwa chini ya mstari, kiasi kilekile cha kila siku, na unga mweupe ulimsubiri ukingoni. Alisimama hapo akiutafuta mkono wa mtu na asiuone. Mwisho akaupitishia unga ule kidole, akaonja. Chumvi.

Akampigia simu muuza samaki.

"Maji yanapungua na hakuna anayeyagusa, na samaki mmoja ameshakufa," alisema.

"Yanakauka, dada. Taa ya juu ya tangi ina joto. Wewe unajazia maji gani?"

"Ya chumvi. Si samaki wa baharini hawa?"

Muuza samaki alishusha pumzi. "Yanayoondoka ni maji peke yake. Chumvi yote inabaki humohumo. Ukijazia ya chumvi kila siku unawakoleza kama mchuzi. Anza kujazia maji matupu yaliyochujwa, kidogo kidogo, huenda waliobaki wakapona."

Mshonaji aliketi sakafuni, simu mapajani. Aliona haya, haya za kuchoma masikio. Nyuma ya jiwe, yule wa njano alitikisa pezi mara moja, akatulia.

"Hodi."

Aligeuka. Mlango alikuwa ameuacha wazi, lakini mama mkwe alikuwa amesimama nje ya kizingiti, ndala kazivua, kikombe cha chai mkononi, kama mgeni asiyejua wenyeji watampokeaje. Hakuwahi kupiga hodi katika nyumba hii tangu alipoiezeka na marehemu mumewe.

"Hodi," alirudia taratibu. "Nije kuwaona samaki, mama, au nirudi baadaye?"

Mshonaji alifungua kinywa amkaribishe. Ulimi ulikuwa bado una chumvi, na neno halikutoka. Akainuka, akakishika kile kiti cha pembeni kwa mikono miwili, akaanza kukiburuta kukileta mbele ya kioo. Kilikuwa kizito kuliko alivyodhani. Mama mkwe alibaki kizingitini na kikombe chake, akisubiri kuitikiwa.