Vimekufa Pasipotakiwa

Mama Sahani, mtaalamu wa maabara ya hospitali, alipogusa kabati la joto la kuoteshea vimelea alikuta ubaridi. Plagi ilikuwa imechomolewa. Mahali pake ilining'inia chaja ya simu.

"Nani kafanya haya?"

Sauti yake ilisikika hadi nje. Mlinzi akaja, kofia mkononi.

"Shikamoo, mama. Ni mimi. Betri ya simu iliisha jana, nikasema kabati halitakasirika kwa usiku mmoja."

Alifungua sahani zake moja moja. Rojo lililoganda la damu iliyopikwa, ambalo ndilo chakula cha vimelea, lilikuwa tupu, halijaota kitu. Vimelea vya kisonono vina madeko: baridi kidogo tu, vimekufa. Lakini ndani ya mwili wa mtu vilishapewa dawa mbili na havikutikisika. Vinakufa pale tu asipotaka vife.

Mwenye vimelea hivyo alikuwa kwenye benchi la nje, mjamzito wa kujifungua wakati wowote. Daktari alikwisha kumwonya kwamba mtoto anaweza kuambukizwa macho wakati wa kuzaliwa, hata akapofuka.

"Majibu, dada?"

"Hakuna. Vimelea vimekufa. Itabidi nichukue sampuli tena."

"Vimekufa? Basi si nimepona?"

"Vimekufa kwangu, mdogo wangu. Kwako vinakula raha mustarehe."

Wakajikuta wanacheka wote wawili. Kisha yule mwanamke akaanza kulia. "Na mume wangu hataki kukanyaga hapa. Anasema haumwi."

Mama Sahani alianza upya. Plagi aliibana kwa plasta, na mlinzi, kwa aibu yake, akawa anawafukuza wenye chaja kama anafukuza kuku. Vimelea vilipoota, alivipandikiza kwenye sahani nyingine na kubandika juu yake vipande vya karatasi, kila kimoja na dawa yake. Dawa inayofaa huua vimelea na kuacha duara safi kuzunguka kipande chake.

Kesho yake aliinua sahani dirishani. Kipande cha kwanza, vimelea vimekigusa. Cha pili, vivyo hivyo. Cha tatu vimekikumbatia kabisa. "Jamani!" akanong'ona. Cha mwisho, dawa ya sindano, kilikuwa na duara pana. Alikwenda kwa daktari karibu anakimbia, na mjamzito akachomwa sindano hiyo siku hiyo hiyo.

"Sasa mlete mwenzio," Mama Sahani alimwambia, "la sivyo atakuambukiza tena, turudi kule kule."

"Nimwambie nini tena, dada? Nimesema mpaka mdomo umekauka."

Siku ya kurudi kuangaliwa, walikuja wawili. Mume alisimama mlangoni, mikono mifukoni.

"Mimi siumwi popote. Nimemsindikiza tu."

"Daktari yuko ndani, shemeji," Mama Sahani alisema. "Mnasubiri zamu."

Hakukaa, wala hakuondoka. Mkewe alijishusha taratibu kwenye benchi, akashusha pumzi, kisha akaondoa mkoba wake kwenye nafasi iliyokuwa kando yake, akauweka sakafuni na kumtazama mumewe.