Mtani Kwenye Gurudumu la Nyuma

Hatibu alimdharau kila mtu aliyekuwa kando ya Bwawa la Mindu asubuhi ile, wala hakujisumbua kuficha. Aliwadharau vijana waliokuja na basi kutoka Dar, wamevaa kaptura za kubana mpaka mtu unaona haya kusimama nao na mkeo yupo. Alimdharau mtangazaji, aliyekuwa akipigia kelele kipaza sauti kana kwamba watu wote wa Morogoro ni viziwi. Zaidi ya yote aliyadharau maji ya chupa yaliyopangwa mezani. Maji yanashuka Uluguru tangu dunia iumbwe, hayajawahi kumdai mtu chochote, leo yametiwa kwenye plastiki na kubandikwa picha ya mlima, ati yanauzwa! Na watu wazima, wenye akili zao, wananunua.

Ndiyo ilikuwa miaka yenyewe. Kila kilichokuwa cha umma kilikuwa kimeshapata mwekezaji, au kinamsubiri. Kiwanda cha masufuria cha Kihonda, ambako Hatibu alikuwa fundi wa mashine na nahodha wa timu ya baiskeli, kiliuzwa, na katika kupunguza watu walianza na wanamichezo. Tangu siku hiyo alikuwa anamsaidia mkewe, Mwanvita, kukaanga samaki sokoni. Mwanamume mwenye mapaja yale, anatumwa mafuta ya kukaangia! Sasa mwekezaji kaleta mashindano yake: uogelee, uendeshe baiskeli, halafu ukimbie, yote kwa mkupuo mmoja. Na mkazi wa Morogoro atakayewatangulia wenzake angepewa ajira ya kudumu kiwandani.

"Nenda kailete hiyo kazi, baba," Mwanvita alimwambia alfajiri. "Nimechoka kukuona unageuza samaki kwa hasira. Wanavunjika."

Msimamizi wa mashindano alikuwa kijana wa Dar aitwaye Eric, mwenye kofia na filimbi, na miwani myeusi ambayo hakuivua hata alipokuwa akiwasalimia wazee. Alisoma sheria. Kwenye baiskeli, alisema, ni ruksa kukaa nyuma ya gurudumu la mwenzako ili akukinge upepo.

Hatibu akasonya. Enzi za timu ya kiwanda mtu wa namna hiyo aliitwa kupe, na jioni hakuna aliyekula naye meza moja. "Kwa hiyo wezi siku hizi wamepewa leseni," akasema kwa sauti, asikiwe na anayetaka kusikia.

"Mluguru, acha kunung'unika, utaishiwa pumzi kabla hujalowa!"

Huyo alikuwa Stambuli, mwalimu wa sekondari, Mnyamwezi wa Tabora aliyehamia mjini miaka mingi. Mnyamwezi na Mluguru ni watani, na hawa wawili walikuwa hawajapata kusalimiana bila matusi. Hata baba yake Hatibu alipofariki, Stambuli aliingia kaburini kabla ya maiti, akajilaza chali, akasema hatoki mpaka apewe jogoo. Waombolezaji wakacheka na machozi yao, jogoo akatolewa. Nani angekataa? Mtani hanyimwi. Mtani hashtakiwi.

"Wewe mpagazi nani kakuruhusu kuingia majini?" Hatibu akamjibu. "Utatuachia tope."

"Afadhali mimi. Wewe mguu mmoja mrefu, mmoja mfupi, kwa kuzaliwa mlimani. Utaogelea kwa kuzunguka!"

Filimbi ikapigwa. Kuogelea hakukuwa na la maana la kusimulia. Vijana wa Dar walitangulia kwa mitindo yao, Hatibu akapiga maji kama alivyojifunza utotoni, kwa vurugu, akatoka na tope mpaka masikioni. Kwenye baiskeli ndipo alipoanza kuwakusanya. Jua lilikuwa limekaa utosini, lami inanata, na wale wa kaptura za kubana wakaanza kupukutika mmoja mmoja. Huyu ameegemea mti, yule anatapika. Hatibu aliwapita bila hata kugeuza shingo. Hao ndio wanamichezo! Mtu anazimika kwa jua la Sangasanga, angepelekwa shamba la mkonge je?

Walipoingia njia ya Mlali hakukuwa na mtu mbele yake. Nyuma je? Nyuma, karibu kabisa na gurudumu lake, mtu alikuwa anaimba.

"Mtani, sogea kushoto kidogo, upepo unanipata sikioni!"

"Pita mbele na wewe, kupe!"

"Nipite? Babu zangu wamebeba mizigo ya watu kutoka Tabora mpaka pwani kwa miguu. Leo zamu yenu kutubeba."

Kwa kweli Hatibu angeweza kupunguza mwendo amlazimishe kupita. Angeweza naye kujificha nyuma yake, sheria si imesema? Thubutu! Yeye ajifiche nyuma ya mgongo wa mwalimu wa jiografia? Akakaza. Mlali wakapewa chupa za maji. Hatibu akaisukuma ya kwake kwa dharau. Stambuli akanywa zote mbili, ya kwake na ya mtani wake, akacheua kwa makusudi. Kurudi upepo ukawa wa mbele, wa moto, kama mtu kafungua tanuri la mikate, na Hatibu akaupokea wote kifuani peke yake. Kila alipoinama kusukuma, alikisikia kile kiwimbo nyuma yake, na hakikumchekesha tena.

Mindu waliingia pamoja mahali pa kuachia baiskeli na kuvaa raba za kukimbilia. Hatibu miguu ilikuwa inatetemeka hata akashindwa kuitundika baiskeli. Alipoinama kuvaa, akakuta raba ya kulia tu. Akatafuta chini ya taulo, akatafuta chini ya taulo ya jirani. Alipoinua macho akamwona Stambuli anatokomea barabarani, raba ya kushoto ya Hatibu inaning'inia shingoni mwake kwa kamba.

"Njoo uikomboe, Mluguru!"

Watu walioko pembeni wakavunjika mbavu. Hatibu akakimbia hivyo hivyo, mguu mmoja na raba, mmoja peku, juu ya lami iliyokuwa inachemka. Alichechemea hata watoto wakamwigiza. "Si nilisema?" Stambuli alipiga kelele kutoka mbele. "Mmoja mrefu, mmoja mfupi!" Ngozi ya unyayo ilikuwa inabanduka. Hatibu alitaka kulia, na akakasirika zaidi kwa kutaka kulia. Hata hivyo alizidi kumkaribia, na laiti njia ingekuwa ndefu kidogo angemfikia. Walipofika kwenye geti la kiwanda, Kihonda, Stambuli alikata utepe yeye kwanza, akaanza kucheza huku akiipigapiga raba ile kama ngoma. Hatibu akafuata, akaanguka kivulini. Mwanvita alikuwepo, ameshika kanga ya kumfutia jasho.

Eric akaja mbio. "Kaka, hiyo raba shingoni kwa huyu jamaa ni yako? Amekuchukulia? Kuingilia vifaa vya mwenzako ni kosa. Wewe sema ndiyo tu, yeye namfuta, wa kwanza unakuwa wewe."

Watu wakaangua kicheko. "Baba, hao ni watani," mama mmoja akamweleza.

"Namuuliza yeye, mama."

Wote wakamgeukia Hatibu, midomo iko tayari kucheka, wakingoja aseme raba yake ililiwa na fisi wa Tabora, au lolote la namna hiyo. Hatibu akalitazama geti. Akautazama unyayo wake. Njia nzima mtu huyu amekula upepo wangu, akawaza, na sheria ikamlinda. Basi na mimi sheria inilinde. Si ndiyo mambo ya siku hizi?

"Ndiyo," akasema. "Ameniibia."

Aliyecheka kuliko wote alikuwa Stambuli. "Ee Mungu wangu, Mluguru huyu! Mtani, leo umeniweza!" Akasubiri yafuate mengine. Akamtazama Hatibu usoni, kicheko kikampungua taratibu. Akaivua raba shingoni, akaipangusa vumbi, akainama akaiweka kwa mikono miwili mbele ya Hatibu.

"Samahani sana, bwana Hatibu," akasema. "Sikukusudia ubaya."

Eric akapuliza filimbi, akamtangaza mshindi. Makofi yakapigwa na wageni.

Nyumbani Mwanvita alimwosha nyayo kwa maji ya chumvi. "Stambuli ana ualimu wake," akasema. "Kazi ya masufuria angeifanyia nini? Si angekuachia pale pale?"

"Nyamaza."

Mwanvita akachukua beseni, akaenda kumwaga maji nje.

Jumatatu akaanza kazi. Asubuhi, amesimama getini na ovaroli jipya, akamwona Stambuli anakuja na baiskeli kuelekea shuleni. Moyo ukamruka kwa furaha ambayo hakuitegemea. "We Mnyamwezi!" akaropoka. "Leo umebeba mzigo wa nani mbona umechelewa?"

Stambuli akafunga breki. Akashuka kwenye baiskeli, kama mtu anavyoshuka akikutana na mkwewe, akasimama kando ya barabara na mikono yake kwenye usukani.

"Habari za asubuhi, bwana Hatibu. Nyumbani hawajambo?"

"Wewe mla panya, nakutukana hunisikii?" Hatibu akasema, akimsogelea.

Stambuli alisubiri kwa adabu, macho chini, mpaka Hatibu akajibu kwamba nyumbani hawajambo.