Kikaushio cha Profesa Wakil

Nassra alifunua kifuniko cha kioo, akatoa trei ya mwisho na kukunja kipande cha mwani. Kikavunjika. Mwani huo ulikuwa wa mama yake, Bi Mwatima, mkulima wa mwani wa Bwejuu, ambaye kila masika mavuno yake huoza kwa kukosa jua. Mashine ya kuukausha Nassra aliibuni kwa ajili ya shahada yake ya uzamivu ya uhandisi wa kilimo, akaiunda mwenyewe nyuma ya chuo, kule Amani, mjini. Kilichobaki ni kuitetea tasnifu mbele ya jopo, Jumamosi.

Msimamizi wake, Profesa Wakil, hakuwahi kuigusa mashine ile. Alisema harufu ya mwani inamshika kichwa. Lakini aliposikia kwamba jopo litakuja na wageni na kutakuwa na uzinduzi, alimleta fundi na kibao cha shaba kilichoandikwa "Kikaushio cha Profesa Wakil".

"Mwanangu, jina lako limo ndani ya tasnifu," alimwambia Nassra. "Hapa nje panataka jina zito."

Fundi alipokaza skrubu ya mwisho, mashine ikaanza kuvuja. Nassra akatega ndoo. Kufika alasiri maji ya chumvi yalikuwa yamejaa hadi ukingoni, na mwani uliokwisha kukauka ulikuwa ukiota upya. Akaking'oa kibao, maji yakatoweka. Akakirudisha, yakajaa. Profesa alipoelezwa alichovya kidole, akaonja, akasema ni mambo ya kurekebisha tu, kisha akaenda kuchukua koti lake kwa fundi cherehani.

Jumamosi kibao kilifunikwa kitambaa cha kijani. Ikasomwa dua, ikaliwa halua, kitambaa kikavutwa, watu wakapiga makofi, maana kwetu kitu kisichozinduliwa hakijakuwepo. Mwenyekiti wa jopo, Dokta Borafya, akafunua kifuniko. Ndani walikuwa wakiogelea samaki, changu wanono. Dokta Borafya akauliza wanakula nini. Profesa, kwa macho makavu, na hayo ndiyo pekee yaliyokuwa makavu pale, akajibu kwamba hiyo ndiyo njia yake mpya ya kufuga samaki wa bahari mjini. Wageni wakasema ndiyo maana anaitwa profesa.

Kisha jopo likakaa kumsikiliza Nassra. Tasnifu yake ilisema mashine inakausha. Jopo lilisema limeona maji.

"Kiondoeni kibao, muangalie tena," alisema Nassra. "Mimi nshajaribu. Inakausha."

"Kuling'oa jina la mwalimu wako ni kukosa adabu," alisema Dokta Borafya. "Na utafiti bila ya adabu hatuupitishi."

Hakupita. Aliruhusiwa kutetea tena mwakani, chini ya msimamizi yuleyule. Profesa alitunukiwa nishani ya ufugaji, Dokta Borafya akasema chanda chema huvikwa pete, na wale changu wakakaangwa wakaliwa na waliowasifu.

Nassra alirudi Bwejuu na hasira zake, na zilikuwa haki yake. Akaunda kikaushio kingine kwa mbao na vioo vya madirisha ya hoteli iliyovunjwa. Hakukiandika kitu. Masika yalipoingia, mwani wa Bi Mwatima ukakauka huku mvua ikinyesha, na majirani wakaleta wao.

Hazikupita siku nyingi, yule fundi akashuka kwenye gari ya chuo, bisibisi mkononi, kibao kipya kwapani. Alimwamkia Bi Mwatima shikamoo, akasema Profesa anawasalimu sana, na wageni watafika kesho.

Bi Mwatima akaitika marahaba, akamwita binti yake. Nassra alikitazama kibao, akamwomba fundi akae kidogo barazani, wautoe mwani kwanza. Bi Mwatima akaenda kutafuta ndoo.